Mfuniko Uliopita Mbele ya Jeneza

Kaka yangu Athumani,

Barua hii haitakufikia, na nadhani ndiyo sababu nimepata ujasiri wa kuiandika. Ungekuwa hai huko Mombasa ningekuandikia kama nilivyokuandikia miaka yote: hatujambo, Mama anakusalimu, mvua zimechelewa, paa la jikoni linavuja. Barua za mtu mwenye jambo kooni, akameza, akaanza kuzungumzia paa.

Na hii si ya siri. Nimeiandika wazi, na Ijumaa baada ya sala ya alasiri itasomwa barazani kwa fundi bati, pale pale ulipozoea kukaa, mbele ya kila atakayependa kusikiliza. Wewe uliaibishwa hadharani, nami siwezi kukusafisha kwa kunong'ona. Watakaosikiliza waniwie radhi nikitoa ya ndani ya nyumba yetu. Nazungumza na ndugu yangu, wao wanasikia tu.

Nianze na mifuniko ya sufuria, maana huko ndiko jina letu lilikoanza kuoza.

Ulikuwa ukikata nyasi kwenye uwanja wa gofu wa Wazungu, kule Raskazone. Jioni moja ulirudi nyumbani, ukaketi jikoni na Mama, ukaanza kusimulia. Ulisema mtu mzima anatembea jua lote akifuata kijipira, akikipiga, akikitafuta majanini, mpaka akitumbukize shimoni, kisha anakwenda kukitoa aanze tena. Na hakuna anayemwita mvivu. Anaitwa Bwana. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Wewe ukachukua mfuniko wa sufuria uliokuwa ukutani, ukatoka uani, ukaurusha kwenye mnazi wa jirani. Ukaelea, Kaka. Ulikwenda umelala juu ya hewa, ukapinda kidogo, ukagonga mnazi katikati ya kiuno. Sote watatu tuliukodolea macho. Sijawahi kuona bati likienda kwa madaha namna ile.

Mchezo ukazaliwa siku ile. Tulitundika pakacha kwenye mnazi, usawa wa kifua, kisha pakacha jingine kwenye mnazi wa mbali, mpaka yakatimia tisa. Mtu anasimama kwenye mnazi mmoja, anarusha mfuniko kuelekea pakacha la pili, anaufuata ulipoangukia, anarusha tena. Atakayemaliza mapakacha yote kwa mirusho michache ndiye mshindi. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa jambo dogo hivyo, tulitukanwa sana.

Lakini lazima niseme ukweli, maana ndilo lililonikalisha hapa: tulitafuta matusi hayo wenyewe. Vijana wa Ngamiani, mtaa wetu, walipoupenda mchezo, kila mmoja alitoka na mfuniko wa mama yake. Mfuniko ukigonga mnazi mara kumi unapinda, na mfuniko uliopinda haupalii wali. Makaa unaweka juu, mvuke unatoka kando, wali unaiva chini na juu unabaki na kiini. Haikupita miezi mitatu, kila wali ulioharibika Ngamiani ukawa kosa letu, hata ule ulioharibiwa na mpishi. Tukaitwa wezi wa mifuniko. Mama mwenyewe, kila akiwasha moto, alikuuliza kwa upole wa kuchoma, "Athumani mwanangu, mfuniko wangu leo umekwenda kutembea wapi?"

Kisha yakaja majina mengine. Kwamba tunaingia minazini kunywa tembo. Kwamba tunavuta bangi. Kwamba tunarusha makusudi upande wa kisimani tupate kisingizio cha kuwaendea wanawake. Nusu ya maneno hayo yalikuwa uongo. Hemedi, yule mwenzetu mrefu, kweli alikuwa akipanda kuonja kibuyu cha mgema, na akishuka anarusha vibaya huku akicheka peke yake. Mihogo ya watu tuliikanyaga. Na mwenye sauti kubwa kuliko wote, wa kumwambia bibi kizee "Pisha!" badala ya kumngoja apite na kuni zake, alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mkono mzuri, nikadhani mkono mzuri unatosha.

Wewe ndiye uliyeona kwamba mchezo utakufa kwa jina lake. Ulikwenda kwa fundi bati, mkakaa siku nzima, mkatengeneza mifuniko ya kuchezea kwa mabaki ya mabati, ukingo umekunjwa usimkate mtu. Ile ya sufuria uliinyoosha kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, kisha ukairudisha nyumba kwa nyumba. Ulinichukua tukaongozana, ukinilazimisha kusalimia. Kwenye kila mlango ulisema maneno yale yale: "Shikamoo mama. Tumeleta amana yako. Tumekosa." Nilikuwa nyuma yako nimebeba mifuniko, nimenuna kama niliyepigwa.

Halafu kanuni zako. Mungu anisamehe, zilinichosha kanuni zako. Mpita njia akitokea, mfuniko chini. Akiwa mtu mzima, umfuate njiani umwamkie, si kupiga kelele kutoka kwenye mnazi. Adhana ikiingia, mchezo unasimama hapo hapo hata kama umebakiza mrusho mmoja. Aliyekanyaga muhogo apande miwili. Hakuna kucheza kifua wazi. Mwenzako akirusha, usiseme neno, hata la kumsifu. Hemedi ukamwambia achague kibuyu au mfuniko. Akafikiri siku mbili nzima, akachagua mfuniko.

Nilikubishia, unakumbuka. Nilikwambia Wazungu wa gofu hawaheshimiwi kwa sababu wananyamaza mwenzao akipiga. Wanaheshimiwa kwa sababu nchi iko mkononi mwao. Wangekata nyasi wao ukacheza wewe, wewe ndiye ungeitwa Bwana, hata ungecheza ukiwa umelewa. Ulicheka. Ukasema, "Hilo kweli, Ramadhani. Lakini wao wana serikali ya kuwatetea. Sisi tuna adabu yetu tu." Nikaona umenipa jibu la kizee. Leo nalirudia mara nyingi peke yangu.

Siku uliyokwenda kumwomba Bwana Nasoro shamba lake ulivaa kanzu ya Idd. Uwanja wetu wa kwanza ulikuwa umebanwa na mihogo ya watu, na lile shamba lake la minazi, nyuma ya Ngamiani, lilikuwa safi, limefyekwa, lina nafasi. Lilikuwa na kosa moja: njia ya makaburini inapita katikati yake. Bwana Nasoro alitusikiliza barazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi, wala hakutabasamu. Alikuuliza, "Na hao wenzio wana adabu?"

Ukajibu, "Wanayo, Bwana. Na wakiikosa, usiwatafute wao. Nitafute mimi. Adabu yao ni dhamana yangu."

"Dhamana ni neno zito, mwanangu."

"Nalijua uzito wake."

Alitupa shamba. Na mama yake, Bi Zuwena, ambaye uzee ulikuwa umemweka ndani miaka, akawa anatutazama kutoka dirishani alasiri. Kuna siku alimtuma mtumishi na madafu, na swali: yule kijana anayerusha kwa kupinda mgongo ameshinda leo? Yule alikuwa mimi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mambo yakageuka, Kaka. Ndani ya mwaka mmoja watu walikuwa wakija kutazama. Maalim Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewahi kusema hadharani kwamba mifuniko ni mchezo wa mashetani, alipita siku moja akakuta watu kumi wameweka mabati chini, wamejipanga kando ya njia, wanamwamkia. Akasimama akatazama mirusho mitatu. Akasema, "Kumbe mna mambo." Baada ya mwezi ulimpelekea posa ya binti yake, Mwanaidi, na akaikubali. Nakumbuka Mama alivyopiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa mkono, eti asitangulize furaha. Mchezo ule ule uliokufanya uitwe mwizi ulikuwa umekupa mke.

Sasa nifike pale.

Unajua wewe, lakini wengine watakaosikia ni vijana, hivyo nieleze. Baba yetu alikuwa Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akifiwa, mtani mwenzake huja msibani kufanya vituko. Husimama mbele ya jeneza, hulizuia njia, humsema marehemu, na wafiwa hawana haki ya kukasirika. Masheikh wetu hawapendi, lakini watu hucheka katikati ya machozi, na kicheko hicho kinasaidia. Mzee Kasimu, Mnyamwezi mshona nguo wa mtaa wetu, alinitania miaka yote. Kila akiniona alisema, "Wewe Mzigua ukifa nitakaa juu ya jeneza lako nibebwe bure mpaka makaburini." Nami nikamwambia akitangulia yeye atanijua.

Akatangulia. Alifariki alfajiri, na tukasikia atazikwa baada ya alasiri. Ulisema siku ile tusicheze. Jeneza litapita katikati ya uwanja, si vizuri. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Nilisema tucheze mpaka litokee, kisha sote tulifuate. Sikukwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kupanga. Nilikuwa nimemaliza mapakacha saba kati ya tisa, nikiongoza, watazamaji walikuwepo, na kichwani nilikuwa nimeandaa kituko ambacho Ngamiani ingekisimulia miaka kumi.

Kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijua pale uwanjani ni kwamba Bi Zuwena alikuwa amefariki saa sita mchana. Tulikuwa minazini tangu adhuhuri, alasiri tukaisalia pale pale, mbali na nyumba yao, na mwanawe hakutaka kumchelewesha. Jeneza lake ndilo lililotangulia.

Tulisikia kwanza sauti za "La ilaha illa Llah" zikija kwa haraka, kama waendavyo wabebaji. Wewe uliweka mfuniko wako chini, ukavaa kofia, ukaanza kwenda kutoa bega, kama inavyompasa kila mwanamume anayekutana na jeneza njiani. Wenzetu wakaweka mifuniko chini. Mimi sikuweka. Nilingoja litokeze kati ya minazi miwili, nikapinda mgongo, nikarusha, na nikapaza sauti, "Mwacheni atembee mwenyewe, miguu anayo!"

Ulikuwa mrusho mzuri. Ndilo linaloniuma hata kulisema: katika maisha yangu sikuwahi kurusha vizuri namna ile. Mfuniko ulipita mbele ya uso wa mbebaji wa kwanza, shibiri mbili tu, ukagonga mnazi ng'ambo ya njia, ukarudi ukavingirika miguuni mwake. Akajikwaa. Jeneza likainama upande. Watu wakaruka kulidaka, shuka la juu likateleza, na hapo nikayaona matao.

Jeneza la mwanamke huwekewa matao ya fito juu yake, shuka likatandazwa, ili umbo lisionekane. Kila mtoto wa Ngamiani anajua. Lilikuwa na matao tangu lilipotokeza, Kaka. Ningetazama ningeyaona. Nilikuwa natazama mfuniko wangu.

Na yule mbebaji aliyejikwaa alikuwa Maalim Bakari.

Walilirudisha shuka, wakalishika jeneza sawasawa, na Bwana Nasoro, aliyekuwa akifuata nyuma yake, akasogea mbele. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Vijana wa ukoo wao walikuwa wamekwisha kutazama upande wetu, na wawili walikuwa na fimbo. Mimi nilikuwa nyuma ya mnazi. Sikujificha, naapa, miguu tu ilikataa. Wewe ulikuwa umefika njiani tayari, bega tayari kwa kubeba. Uliutazama ule mfuniko pale chini. Ukainama, ukauokota.

"Ni wangu," ukasema. "Nimerusha mimi."

Sauti zetu zilifanana, hata Mama alikuwa akituchanganya tukiwa uani. Wabebaji walikuwa wameinamisha vichwa, na watazamaji walikuwa wakilitazama jeneza. Wenzetu wanane waliona mkono uliorusha, lakini kiongozi wao alikuwa amesema, nao wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na muda wa kusema. Bwana Nasoro alikutazama kitambo, tena kitambo kirefu, kabla hajasema, "Ondoeni mapakacha yenu kwenye minazi yangu." Kisha wakaendelea na safari. Ulijaribu kuweka bega, Maalim Bakari akakusukuma kwa kiwiko.

Wewe ndiye uliyeyashusha mapakacha yote tisa. Peke yako. Mimi nilikwenda kumzika Mzee Kasimu, sikumtania hata neno moja, na watani wenzangu wakashangaa.

Posa ilirudishwa siku ya tatu, na ujumbe wake mfupi: binti hatapewa mhuni anayecheza na maiti. Ngamiani ikakumbuka upya mifuniko ya sufuria, tembo, bangi na kisima, kana kwamba ule mwaka mzima wa adabu ulikuwa hila. Watu waliokuja kututazama wakasema walijua tangu mwanzo. Ulipopita dukani mazungumzo yalikatika. Mama hakukugombeza. Alikupakulia chakula bila kukutazama, na hilo lilikuwa baya zaidi, na nililitazama kila siku kutoka upande wangu wa sinia.

Nilikujia mara moja tu, uani, ukifua. Nilikwambia, "Kaka, nisamehe." Hukuacha kufua. Ukasema, "Mimi si mwenye maiti." Nikaenda zangu, na unajua nilivyolifasiri neno hilo? Nilijiambia umeniambia kwamba kwako halina uzito, kwamba limekwisha. Mtu anayetaka kusikia jambo hulisikia.

Baada ya miezi michache ukavuka kwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Pale stesheni ya basi uliniambia nimtazame Mama na nitengeneze paa. Niliahidi vyote viwili. Mama nilimtazama.

Miaka sita. Nilioa, nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala la mkonge, nikawa mtu wa kuamkiwa. Watu walikuwa wakinisifu kwa upole wangu na kwa kutopenda makuu. Kuna mzee aliyeniambia, "Wewe na nduguyo mmetofautiana kama usiku na mchana," nami nikasema alhamdulillahi, nikaendelea na chai yangu. Hayo ndiyo maisha niliyoishi kwa jina lako, Kaka. Sikuwa na mateso makubwa. Kuna miezi ilipita bila kukukumbuka. Naona bora niliseme hilo kuliko kujifanya nilikuwa nalia kila siku.

Kisha ikaja habari ya homa, na mazishi yaliyokwisha kufanyika huko huko. Tukakusomea khitma nyumbani. Walikuja wengi, hata fundi bati, aliyelia wazi. Baada ya dua, mtu mmoja, jirani mwema tu, asiye na ubaya wowote, alinishika mkono akaniambia kwa huruma ya kweli, "Mola amsamehe yale ya jeneza." Wengine wakaitikia amina.

Nilitazama miguu yangu. Ulikuwa umekufa ugenini, hukuacha mke wala mtoto, na kitu kimoja tu ambacho mtaa wako ulikuwa nacho cha kukukumbuka kilikuwa changu.

Watu walipoondoka nilimwambia Mama. Nilimwambia yote, nimepiga magoti kwenye jamvi la wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na tasbihi. Akasema, "Miaka sita kila sala namwombea toba mtu asiye na kosa." Kisha akanyanyuka, akaingia ndani. Hajanigombeza. Ananipakulia chakula bila kunitazama. Nimejua sasa ulikuwa ukila nini.

Siku ya nne nilikwenda kwa Bwana Nasoro. Amezeeka, anatembelea mkongojo, lakini baraza ni ile ile na kahawa ni ile ile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha mkeka. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua.

"Bwana, yule aliyerusha mfuniko mbele ya jeneza la mama yako ni mimi. Si Athumani."

"Keti, mwanangu."

"Ni mimi, Bwana."

"Najua ni wewe. N'likuwa nafuata nyuma ya mama yangu, na macho n'likuwa nayo. Mkono wako n'liuona. Keti."

Nikaketi. Nilimwuliza, kama alijua, kwa nini alimwacha mtu mwingine abebe. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama kuna akili mbele yake.

"N'limwambia," akasema. "Alikuja hapa siku ya saba ya matanga. N'kamwambia, Athumani, najua si wewe. Warudishe wenzio, mcheze, na kwa Maalim nitakwenda mwenyewe kumweleza. Akakataa. Akaniambia, Bwana, ukilifungua shamba leo, mdogo wangu ataishi maisha yake yote nyuma ya ule mnazi. Ngoja mpaka aje mwenyewe. N'kamwuliza, na asipokuja? Akasema, atakuja. Ramadhani ana kelele nyingi, lakini si mwoga."

Nilimwuliza na ile posa. Bwana Nasoro akasema alikuonya kwamba binti angeozwa kwingine, na ukamjibu kwamba Mwanaidi utamweleza siku nitakayokuwa nimekuja, haitachukua wiki.

Wiki, Kaka. Uliniwekea wiki moja.

Kwa hiyo si mrusho uliofunga shamba. Si jeneza, wala maneno ya Ngamiani. Mlikuwa mnaningoja mimi. Bwana Nasoro na minazi yake, wewe na kanzu yako ya harusi ambayo Mama alikuwa ameanza kuidarizi, wote mmeketi mnangoja mtu mmoja avuke mitaa mitatu aseme sentensi moja. Mwanaidi aliolewa Pangani miezi miwili baadaye. Ulikuwa bado hujaondoka. Ulisikia vigelegele vyao kama mimi.

Bwana Nasoro aliingia ndani akatoka na bahasha. Kumbe ulikuwa ukimwandikia kila Idd el-Fitri. Barua sita. Alinipa nizisome pale pale, na nilizisoma. Unamsalimia, unauliza magoti yake, unamweleza habari za bandari, unasema umewafundisha makuli wawili kurusha mfuniko ufukoni na wana adabu nzuri. Na chini ya kila barua, kabla ya jina lako, umeuliza jambo moja. Ya kwanza umeuliza: "Na mdogo wangu, amekwisha kuja?" Ya pili: "Je, amekuja?" Ya tatu umesema huenda kazi zimembana. Mpaka ya mwisho, mwandiko umelegea, nadhani homa ilikuwa imekwisha kukushika, hukuuliza magoti wala chochote. Salamu, na swali.

Nilizikunja. Bwana Nasoro akachomoa ile ya mwisho katika zile sita, akaniwekea juu ya paja.

"Tano n'lizijibu," akasema. "Kila mwaka n'limwandikia, bado. Hii imenikuta sina moyo wa kumwandikia bado tena, n'kaiweka, n'kasema nitaijibu kesho. Kisha habari zikaja. Hii ni deni langu, lakini jibu lake unalo wewe. Ichukue ukamjibu."

Ndiyo haya, Kaka. Nimekujibu.

Amekuja. Alikuja Jumatatu baada ya alasiri, akasema mwenyewe kwa mdomo wake, na hakuna aliyempiga, na haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Mdogo wako, tumbo moja,
Ramadhani, niliyerusha.